Meza ya CV, Msamvu, Morogoro: shajara ya mradi

Jumatatu, 3 Machi 2025

Meza ya pembeni ya steshenari yangu, ile ya kubania ripoti za wanafunzi, kuanzia leo ni meza ya maombi ya kazi. Ina kompyuta moja, skana na viti viwili. Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa kumi jioni wateja wa kopi wanapopungua, kijana mmoja atakaa hapo na tutashughulikia maombi yake mpaka yakae sawa. Atalipia karatasi tu.

Nimeanza na sita, wote wateja wa kaunta: binti wa ununuzi na ugavi, kijana wa uhasibu, binti mwenye stashahada ya maabara ya afya, mwalimu wa fizikia na hisabati, mmoja wa kilimo, na mmoja aliyesomea masoko ambaye tangu amalize chuo anaendesha bodaboda. Majina siyaandiki humu, tumekubaliana hivyo.

Swali la mradi ni hili: mwombaji ambaye vyeti vyake vinafanana na vya wenzake mia tano afanye nini ili aitwe yeye? Sisemi mapambo. Zile CV za safu mbili zenye picha na vinyota vya kujipa alama ("Uongozi: nyota tano") naziprinti kila wiki, shilingi mia tano ukurasa wa rangi, na sijawahi kumwona mwenye nyota akirudi kushukuru.

Ushindani wenyewe hauhitaji kuhadithiwa. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita wasailiwa zaidi ya 10,000 Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa nafasi 70. Majukwaa yalijaa kama siku ya watani wa jadi. Waliokuwa darasa la sita mwaka ule ndio wanaoniletea transkripti leo.

Alhamisi, 6 Machi

Kabla ya steshenari nilikaa miaka kadhaa masjala, kwenye kampuni moja ya Dar es Salaam. Tangazo la nafasi mbili likitoka gazetini, bahasha za kaki zilikuja kwa mafurushi na kazi ya kuzifungua ilikuwa yangu. Wanaotafuta kazi wanadhani kuna mtu amekaa na chai yake anasoma barua moja baada ya nyingine akimtafuta aliye bora. Hayupo. Kazi ya kwanza ni kupunguza. Aliyesahau kusaini, pembeni. Aliyetaja cheo cha tangazo la mwezi uliopita, pembeni. Ambaye simu yake haipatikani anaondoka hata kama ana daraja la kwanza, kwa sababu ukipiga mara mbili huna siku nzima ya kumtafuta. Ukimaliza hapo rundo bado ni kubwa, na waliobaki wote wana sifa. Ndipo meneja utumishi alipokuja kuniuliza, kila mara swali lilelile: "Humo ndani kuna yeyote aliyewahi kufanya kitu kinachofanana na kazi yenyewe?"

Kwa kawaida walikuwepo, ila karatasi zao hazikusema.

Leo nimezitandaza CV za hawa sita mezani nikafunika majina. Ukiondoa jina la kozi, sikuweza kujua ipi ni ya nani. Wote ni wachapakazi. Wote wanaweza kufanya kazi chini ya shinikizo na bila kusimamiwa. Wote wanapenda kusoma vitabu, kusafiri na kutazama mpira. Barua tatu zimeandikwa na akili mnemba: zinaanza kwa sentensi ileile ya kufurahishwa mno na fursa ya kujiunga na taasisi yenu, na moja imeachwa na mabano yanayosema weka jina la kampuni hapa. Sina ugomvi na akili mnemba, inanyoosha Kiingereza cha mtu kuliko ninavyoweza mimi. Lakini haijui kwamba binti wa ugavi alifanya fildi kwenye stoo ya hospitali, na siku ya ukaguzi akakesha anahesabu chupa za dripu na kuzipanga kwa tarehe ya kuisha muda. Haijui kwa sababu hakuiambia. Kwenye CV ameandika fildi, jina la hospitali na mwaka, basi.

Nilipomuuliza kwa nini hakuandika, alisema, "Dada, ile si ilikuwa fildi tu?"

Jumanne, 11 Machi

Siku ya usafi. Kijana wa uhasibu ana tatizo la jina: cheti cha kuzaliwa kina m moja, cha kidato cha nne kina m mbili, na kitambulisho cha NIDA kimemwongezea jina la babu. Ameenda kwa wakili kuuliza gharama ya kuliweka sawa kisheria. Afadhali sasa kuliko asubuhi ya usaili, mlangoni, msimamizi akiwa ameshika vyeti viwili vya watu wawili.

Barua pepe nazo. Wawili bado wanatumia anwani walizofungua kidato cha pili, zenye majina ya wanamuziki na mwaka wa kuzaliwa. Tumefungua mpya.

Tumepiga simu kwa wadhamini wote walioorodheshwa. Mmoja amestaafu na hakujua kama ametajwa. Mwingine alifurahi kukumbukwa, akauliza kazi yenyewe ni ipi ili ajue la kusema akipigiwa. Huyo ndiye mdhamini.

Jumatano, 19 Machi

Tumeugawa mradi njia mbili. Ya serikali na ya watu binafsi hazifanani, na ushauri wa moja ukiupeleka kwenye nyingine unampotezea mtu muda.

Kwa nafasi zinazopitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, utaratibu umewekwa makusudi ili mtu asijitofautishe. Unaingia kwenye tovuti yake, Ajira Portal, kwa namba ya NIDA, unapandisha vyeti, unamwandikia Katibu barua na kuisaini. Mwalimu wa fizikia aliniuliza kama aambatishe picha za vifaa vya maabara alivyotengeneza kwa chupa za maji, shule aliyokuwa akijitolea. Nikamwambia, mwalimu, picha hizo hazina pa kukaa huko, na hata ungepata pa kuziweka hakuna atakayezifungua. Ukikidhi vigezo unaitwa, unafanya usaili wa mchujo kwa kuandika, kada nyingine zina usaili wa vitendo, halafu mahojiano. Chupa zake zitasaidia siku ya mahojiano, akiulizwa anafundishaje shule isiyo na maabara. Kwa sasa kazi yake ni kutoondolewa.

Na kuondolewa ni rahisi mno. Tumesoma tangazo neno kwa neno. Karatasi ya matokeo ya kidato cha nne haikubaliki badala ya cheti chenyewe. Matokeo ya awali ya chuo nayo hayakubaliki. Nakala zithibitishwe na wakili. Aliyesoma nje apitishe vyeti vyake TCU (vyuo vikuu), NECTA (mitihani ya shule) au NACTVET (vyuo vya kati na ufundi), kutegemea ni cheti cha ngazi gani. Wadhamini watatu wa kuaminika. Umri usizidi miaka 45, isipokuwa kwa walioko kazini serikalini. Haya yamo karibu kwenye kila tangazo, na bado watu wananiletea matokeo waliyoprinti kwenye tovuti ya NECTA wakitaka niyaskani kama cheti.

Kwa hiyo upande wa serikali mradi wote ni karatasi moja ya kukagua, nimeibandika ukutani juu ya skana. Muda uliobaki mtu asome. Mwalimu amekwenda kutafuta mtaala ulioboreshwa wa 2023.

Upande wa watu binafsi ndiko kuna kazi ya kufanya, na huko lile swali la meneja wangu wa zamani ndilo kipimo. Kila mmoja atafute kazi ndogo ya kweli inayofanana na anayoiomba, aifanye mpaka iishe, na abaki na karatasi moja inayoonyesha alichokifanya na mtu mmoja anayeweza kupigiwa simu akathibitisha.

Wa kilimo ameaga. Ana eka mbili za baba yake Mvomero, mvua zimeanza, na amesema nyanya hazimsubiri. Sikumzuia.

Jumamosi, 29 Machi

Mamlaka ya Mapato (TRA) inafanya usaili wa maandishi leo na kesho. Walioomba ni 135,027, nafasi ni 1,596, walioitwa ni 112,952. Ukigawanya, kila nafasi inagombewa na watu sabini, na hao ni wale waliokwisha kupita mchujo wa vyeti. Kijana wa uhasibu yumo.

Jana kutwa ilikuwa ni kuprinti na kuuza kalamu. Wengine walikuwa wamefunga, Ramadhani inaishia, na wana safari mbele yao. Nauli, chakula na pa kulala ni juu ya msailiwa, kama ilivyo kawaida ya usaili wa umma. Mama mmoja alimlipia mwanawe picha za pasipoti kwa sarafu za mia mia.

Usiku nimefuta mafaili yote yaliyobaki kwenye kompyuta za dukani. Vyeti, NIDA, namba za simu, vyote vilikuwa vimeachwa wazi kwenye kioo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata bila sheria, hiyo ni siri ya mtu. Ukienda steshenari yoyote, futa faili lako kabla ya kulipa, na uchungulie pipa la takataka la kompyuta pia.

Jumanne, 8 Aprili

Binti wa ugavi amepata kazi yake ndogo, na imenipendeza kuliko zote.

Tangu Oktoba 2023 manunuzi ya taasisi za umma yanapita kwenye mfumo wa mtandaoni uitwao NeST. Sheria inayatengea makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, asilimia 30 ya manunuzi hayo. Wengi wenye haki hiyo hawajui hata mlango uko wapi. Mji Mpya kuna kikundi cha kina mama wanaotengeneza sabuni ya maji, kimesajiliwa halmashauri na walishapata mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Sabuni yao nzuri, naitumia dukani. NeST wameisikia kwenye semina, wakarudi na begi na kofia.

Binti amejitolea kuwaingiza. Siku mbili za kwanza zimeishia kwenye TIN (namba ya mlipakodi) ya kikundi na barua ya afisa maendeleo ya jamii. Leo walikuwa hapa mezani, mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na mfumo ukatuma namba ya uthibitisho kwenye simu ya mwenyekiti. Simu imebaki nyumbani kwenye chaji. Tukamtuma mjukuu. Namba ikaisha muda. Ikaombwa nyingine.

Nimemwambia binti aandike kila hatua kwenye daftari: nini kilihitajika, kilikwama wapi, kilitatuliwaje. Hiyo ndiyo karatasi yake. Mtu wa ununuzi aliyewahi kumtoa msambazaji mdogo kwenye daftari la mkono hadi kwenye NeST anaijua kazi upande ambao wengi hawajawahi kuuona.

Jumatano, 16 Aprili

Ameongeza lake mwenyewe. Kila Jumamosi anapita Soko Kuu la Chifu Kingalu na Mawenzi kuchukua bei za mchele, maharage, sukari, mafuta, viazi na vitunguu, ya jumla na ya rejareja. Jedwali la kwanza alilonionyesha lilikuwa na safu ya "gunia." Nikamuuliza, gunia lipi? Akacheka. Kila anayenunua sokoni anajua lumbesa: gunia limejazwa, likashonewa kilemba juu. Kisheria gunia lisizidi kilo 100, lakini sokoni sheria inajadiliwa.

Basi ameazima mizani kwa muuza mchele na kupima. Magunia mawili ya viazi yaliyouzwa bei moja, kwa mchuuzi mmoja, yamepishana uzito vibaya sana. Sasa jedwali lina bei kwa kilo, uzito halisi, tarehe na eneo la soko. Jina la mchuuzi ameliacha kwenye daftari lake, halimo kwenye nakala ya kuonyesha watu. Hilo sikumfundisha mimi.

Jumamosi, 3 Mei

Kijana wa uhasibu amekuwa akienda duka moja la vifaa vya ujenzi Kihonda, jioni. Mwenye duka ni mzee anayeninunulia risiti na madaftari. Alilalamika kwangu kuwa nondo zinaibiwa. Nikamwambia ninaye kijana wa kuhesabu, hatakudai kitu, ila akimaliza vizuri utamwandikia barua.

Leo wamekuja wote wawili kunionyesha. Kijana alianza kwa kuhesabu vilivyomo: saruji, mabati kwa geji, misumari kwa kilo, nondo kwa unene. Kisha akafuata daftari la mauzo nyuma kwa mwezi. Wanaouza dukani ni watatu, na kila mmoja anaandika "nondo 5", "nondo 20", pasipo milimita. Bei ya nondo ya milimita 10 na ya 12 ni tofauti, kwa hiyo fedha iliyoingia inasema jambo moja na idadi inasema jingine. Alipolinganisha bei iliyolipwa kwenye kila mstari akaweza kukisia ilikuwa nondo ipi, na sehemu kubwa ya "wizi" ikayeyuka. Iliyobaki ni kidogo, na mzee amesema anajua ilikoenda.

"Kumbe mwizi wangu ni kalamu," mzee akasema.

Sasa daftari lina safu nne na kila unene una ukurasa wake. Kuingiza kwenye kompyuta mzee hataki, na kijana hakumlazimisha. Hilo nalo nimelitia alama.

Tulikaa muda mrefu kwenye kuliandika hili ndani ya CV. Rasimu yake ya kwanza ilisema aliboresha mfumo wa usimamizi wa mali kwa ufanisi mkubwa. Tukaifuta. Iliyopita ni hii, kwa Kiingereza chepesi, hapa naiweka kwa Kiswahili: "Nilihesabu mali ya duka la vifaa vya ujenzi na kulinganisha na mauzo ya mwezi mmoja. Tofauti kubwa ya nondo ilitokana na kuchanganya unene kwenye daftari. Nilipanga daftari upya na wauzaji watatu wanalitumia." Tarakimu za fedha za mzee hazimo. Mwajiri akitaka zaidi, ampigie mzee, naye amekubali.

Jumatano, 14 Mei

Njia yetu imegonga ukuta kwa binti wa maabara. Huwezi kwenda kujitafutia kazi ndogo ya kupima damu za watu mtaani. Taaluma yake ina baraza, ina usajili na leseni, na ndivyo inavyotakiwa. Kwa huyu tumeacha ujanja: usajili wake uwe hai, barua ya kuomba kujitolea kwa mganga mkuu, na huku anasubiri matangazo. Ameuliza pia kuhusu mafunzo ya uzoefu kazini yanayoratibiwa na TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, kwa wahitimu. Tumemsajili.

Kituo kimoja binafsi kilimwambia aje kujitolea kwa miezi sita bila hata nauli, zamu za usiku zikiwemo. Nimemwambia akatae. Mimi napenda watu wajitolee kazi yenye mwanzo na mwisho, itakayowaachia kitu mkononi. Kuziba pengo la mfanyakazi aliyepaswa kulipwa ni jambo jingine, hata likiitwa uzoefu.

Alhamisi, 22 Mei

Mazoezi ya mahojiano. Nimewakalisha kiti cha mbele, mimi na mwalimu wa fizikia tukiwa jopo. Mwalimu mkali, sikujua.

"Jieleze kidogo." Hapa ndipo wanapoanguka. Wanaanza na kuzaliwa, wanapita shule ya msingi, wanafika chuo jopo limeshachoka. Tumekubaliana mpango mmoja: mimi ni nani kitaaluma, kazi moja niliyoifanya, na kwa nini hiyo inahusiana na nyie. Basi, nyamaza, wakuulize. Kijana wa uhasibu akisimulia nondo, hata mteja aliyekuja kutoa kopi anasimama kusikiliza.

"Unatarajia mshahara kiasi gani?" Jibu lao wote: "wowote mtakaonipangia." Nawaelewa, ni adabu, mtu hataki kuonekana ana tamaa. Lakini mbele ya mwajiri wa kweli linasikika kama hujui kazi yako inauzwaje. Wamepewa zoezi la kuuliza watu watatu walio kwenye kazi kama hizo, Morogoro siyo Dar, na kurudi na kiwango cha chini na cha juu.

"Udhaifu wako ni upi?" Binti wa ugavi alijibu kwamba anachelewa kuuliza akikwama, na akaeleza jinsi NeST ilivyomfundisha kupiga simu mapema. Mwalimu akasahau ukali.

Alhamisi, 5 Juni

Wa kwanza kuondoka na ajira ni wa bodaboda, ambaye kwenye hesabu zangu alikuwa wa mwisho.

Kampuni moja ya kusambaza vinywaji ilitaka maafisa mauzo. Yeye hakuwa na barua ya kuvutia wala GPA ya kutangaza. Alichofanya ni kuchora. Kwa miaka miwili amekuwa akipeleka mizigo Kihonda, Mkundi na Lukobe, na anajua kila duka: lina friji au halina, mwenye duka anakuwepo saa ngapi, nani analipa papo hapo na nani ni wa kesho. Alichora ramani kwenye karatasi ya A3, maduka yenye friji tupu kwa rangi nyekundu. Mimi nilichofanya ni kuiskani vizuri na kumwambia avae shati la mikono mirefu.

Aliniambia msimamizi wa mauzo aliikamata ile ramani akaacha kuuliza maswali ya fomu. Akauliza moja tu: "Hizi nyekundu, wanachukua kwa nani sasa?" Na yeye alijua. Mafunzo yameanza Jumatatu iliyopita. Maneno ya nani analipa na nani ni wa kesho tulikuwa tumeyaondoa kwenye ramani kabla, yale ni ya kwake kichwani.

Alhamisi, 19 Juni

Shule moja ya bweni ilihitaji mtunza stoo anayejua manunuzi. Haikutangaza popote. Binti wa ugavi aliipata kwa sababu kina mama wa sabuni walikwenda kuuza sabuni pale, na mwenyekiti, ambaye ndiye yule wa simu kwenye chaji, akasema tunaye binti aliyetuandikia mambo yetu yote.

Watu watasema koneksheni. Ndiyo, ni koneksheni. Ajira nyingi za mji huu zinapita hivyo, na koneksheni ya mjomba aliye ofisini ipo pia, nimeiona kwa macho yangu masjala: bahasha iliyokuja kwa mkono ikapita juu ya mafurushi yote. Siwezi kumdanganya kijana kwamba haipo. Ninachosema ni kwamba binti huyu mwezi Machi hakuwa na mtu wa kumtaja, na Juni alikuwa naye, na hakuzaliwa ukoo mmoja na mwenyekiti.

Mhasibu wa shule aliangalia jedwali la bei, akaweka kidole kwenye mchele wa mwisho wa Aprili. "Hii umeipata wapi? Sisi tumenunua ghali kuliko hapa." Binti akafungua daftari, akamwonyesha tarehe, soko na daraja la mchele, akaongeza kwamba bei ile ni ya kuanzia magunia kumi na haina usafiri. Wakaanza kujadiliana kuhusu usafiri, na mahojiano yakaishia humo. Ameanza kwa majaribio ya miezi mitatu. Mshahara aliotaja ulikuwa ndani ya kiwango alichokwenda kukiuliza.

Wiki hiihii ujumbe umezunguka simuni, wa kazi bandarini, "tuma 30,000 ya usajili kwa namba hii kabla ya saa sita." Wawili waliokuja dukani kuprinti fomu yake nimewarudisha. Anayekuomba hela ili akuajiri amekwisha kupata kazi, na kazi yenyewe ni wewe.

Jumanne, 1 Julai

Hali ilivyo leo.

Bodaboda yuko kazini na analalamika kuhusu malengo ya mwezi, dalili nzuri. Ugavi yuko shule.

Uhasibu hakupata TRA. Aliitwa usaili kwenye kampuni ya usafirishaji, akafika hatua ya mwisho, wakamchukua mwenye CPA, cheti cha juu cha uhasibu. Hilo limemwambia kitu ambacho nondo haziwezi kumpa, na ameanza kuuliza ada za mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu. Wakati huohuo mzee amewaambia wenzake, na sasa kijana anashika madaftari ya maduka matatu kwa malipo ya mwezi. Anaiita kazi ya kujishikiza. Nimemwambia aiandike kwenye CV kama kazi, yenye tarehe ya kuanza.

Mwalimu amepita mchujo wa kuandika, anasubiri tarehe ya mahojiano. Hata akikosa nafasi, wanaofaulu wanaweza kuwekwa kwenye kanzidata kwa muda na kupangiwa nafasi zikipatikana, kwa hiyo alama zina maana hata baada ya siku yenyewe. Chupa zake za maji zipo kwenye boksi chini ya meza yangu.

Maabara bado. Barua ya kujitolea imejibiwa, anaanza kituo cha afya cha serikali, zamu za mchana.

Kundi la pili linaanza Jumanne ijayo, siku moja baada ya Saba Saba. Ninabadilisha mambo mawili. Simu kwa wadhamini zinapigwa siku ya kwanza, kabla ya kugusa CV. Na kila mwombaji anakuja na jina la biashara moja iliyo jirani na kwao yenye kero anayoweza kuishika kwa wiki mbili, kwa sababu kuitafuta hiyo kero ndiko kulikokula muda wetu mwingi zaidi. Waliokwisha kujiandikisha ni watano. Mmoja amesomea ukutubi, na ameniuliza kama kupanga upya mafaili ya ofisi ya serikali ya mtaa kunahesabika. Nimemtuma akamwombe mtendaji ruhusa ya maandishi kwanza.